Ng'ombe wawili, majirani watano: samadi uifanyeje?

Kwetu Tengeru, chini ya Mlima Meru, banda la ng'ombe liko hatua 20 kutoka dirisha la chumba cha kulala, na miaka yote halikuwa jambo. Kila nyumba ilifuga, pua zetu zilizoea pamoja. Siku hizi vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vinakatwa viwanja. Palipokuwa na migomba upande wangu wa chini pana nyumba mpya yenye madirisha ya vioo, na mwenyewe ni mtu mwema aliyehamia kutoka mjini. Jioni moja alinijia. Nikamkaribisha chai, akakataa.

"Jirani, sijaja kwa ubaya," akasema akiwa bado amesimama. "Mama watoto ameanua nguo, zote zinanuka zizi."

Nikamjibu kuwa ni upepo. Nilikuwa nakwepa, ila sikusema uongo. Kwenye miteremko ya milima, mchana jua linapasha ardhi na hewa inapanda juu. Jua likizama hewa inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu kama maji ya mfereji. Kwa hiyo harufu ya banda langu mchana inapanda migombani, haimkeri mtu. Saa moja jioni inashuka hadi mezani kwake, chakula kikipakuliwa. Na asubuhi alfajiri bado iko hapo hapo, imelala kama ukungu.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia tatu za kushughulikia samadi, na ya nne nimeiona kwa watu wangu wa karibu kwa muda wa kutosha. Kama na wewe umekwama katikati ya ushauri wa kila mtu, hizi hapa, zimepimwa kwa mizani moja.

Kwanza, harufu inatoka wapi

Mkojo wa ng'ombe peke yake, ukiwa mbichi, haunuki sana. Kinyesi peke yake nacho unaweza kukivumilia. Balaa linaanza vinapokutana. Mkojo una urea. Kinyesi kina vijidudu vyenye kimeng'enya cha kuivunja urea hiyo kuwa amonia, ile hewa inayochoma pua na kuliza macho. Harufu ya pili ni ya kuoza bila hewa: samadi iliyozama kwenye maji, iliyoshindiliwa, au iliyokaa shimoni. Hiyo ndiyo yenye mnuko wa mayai viza.

Amonia imebeba naitrojeni, chakula cha mimea. Ni kitu kile kile unachokwenda kununua duka la pembejeo kwenye mfuko wa urea. Kila ukisikia pua inawaka bandani, ujue mbolea yako inapaa, na jirani anaipokea bila kuilipia.

Kwa hiyo kabla ya njia yoyote kati ya hizi nne, tenganisha mkojo na kinyesi. Sakafu ya zege yenye mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita, mfereji mwembamba nyuma ya ng'ombe, na mwisho wake dumu au shimo dogo lenye mfuniko. Mkojo huo ukiuzimua kwa maji na kuumwaga kwenye mashimo ya migomba, kisha ukafunika udongo, ni mbolea safi. Kwangu mfereji huu tu, kabla ya kingine chochote, ulipunguza malalamiko zaidi kuliko nilivyotarajia.

Na kuna makosa mawili ambayo karibu kila mfugaji ameyafanya, mimi nikiwemo. La kwanza ni kunyunyizia majivu au chokaa juu ya samadi mbichi "ili isinuke." Kweli vinakausha, lakini vyote viwili vinaondoa ukali wa asidi, na amonia iliyokuwa imeshikwa kwenye unyevu inafukuzwa hewani. Utainusa pale pale. La pili ni kumjaza ng'ombe mashudu kupita mahitaji yake: protini asiyoitumia inatoka kwenye mkojo ikiwa urea. Unalipa mara mbili, dukani na kwa jirani.

Nimezipima kwa nini

Nimeangalia mambo matano: harufu (inatoka saa ngapi, inamfikia nani), kazi na maji, pesa ya kuanzia, ubora wa mbolea inayobaki, na hali yake masika yakishuka. Nimechukua mfano wa ng'ombe wawili wa maziwa wanaofungiwa ndani, kila mmoja akitoa kama kilo 20 za kinyesi kwa siku. Hizo ni kilo 40 kila siku, tani moja na zaidi kwa mwezi. Watu wengi hawajawahi kuipiga hesabu hii, ndiyo maana lundo linawazidi.

1. Kuipeleka shambani ikiwa mbichi

*Harufu.* Ni kali ila ni fupi, mradi uifukie. Ukizoa asubuhi, ukaitia kwenye mtaro uliochimbwa kuzunguka mgomba, nusu mita au zaidi kutoka kwenye shina, ukafunika udongo hapo hapo, saa sita mchana hakuna anayejua ulifanya nini. Ukiitandaza juu ya ardhi na kuiacha, itanuka siku kadhaa. Saa nazo zina maana yake: asubuhi hewa inaanza kupanda, kwa hiyo ndiyo wakati wa kuitoa. Jioni usiguse.

*Kazi na maji.* Toroli, chepe, na kila siku bila kukosa. Maji hayahitajiki. Faida nyingine ni nzi: nzi wa nyumbani kwenye joto anahitaji siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka, na samadi inayotoka bandani kila asubuhi haimpi nafasi hiyo.

*Pesa.* Karibu na hakuna.

*Mbolea.* Kwenye migomba na mabingobingo ya malisho inakwenda vizuri. Mgomba haulalamiki. Lakini mbegu za magugu zinatoka tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na palizi itakukumbusha. Usiipeleke kwenye mchicha, karoti, saladi au chochote kinacholiwa kibichi, kwa sababu ya vijidudu vya tumbo. Samadi ya kuku usiipeleke mbichi kabisa, inaunguza mimea.

*Masika.* Hapa ndipo inaposhindwa. Ardhi imelowa, mtaro unajaa maji, na mvua inaibeba samadi hadi kwenye mfereji ambao watu wa chini wanachota. Ugomvi wa harufu unaisha kwa kuombana radhi. Wa maji unafika kwa mwenyekiti wa kitongoji.

*Inamfaa* mwenye shamba lililoungana na banda, ng'ombe mmoja au wawili, na mikono ya kila siku. Asiye na eka ya kupokea kilo 40 kila siku ataishia kuzilundika pembeni, na hapo hana njia tena, ana lundo.

2. Lundo la mboji

Hii ndiyo ninayoitumia mimi sasa, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

*Harufu.* Lundo lililopangwa vizuri linanuka udongo baada ya mvua. Lililopangwa vibaya linanuka kuliko samadi yenyewe. Tofauti ni hewa na makavu. Samadi ya ng'ombe ina naitrojeni nyingi mno ukilinganisha na kaboni yake, na makavu ndiyo yenye kaboni, kwa hiyo unaipanga tabaka kwa tabaka na mabua, majani makavu ya mgomba, maranda au mabaki ya malisho, ili kaboni ifike kama sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Usihangaike na mizani. Kwangu ni toroli moja ya samadi kwa toroli mbili za makavu, na nikisikia amonia naongeza makavu.

Lundo langu la kwanza nililiweka kwenye uzio wa chini, kwa sababu palikuwa na nafasi. Hatua 6 kutoka jiko la jirani! Sikulifunika, mvua za Aprili zikaingia, na ndani ya wiki mbili lilikuwa uji mweusi unaotoa mapovu.  La pili niliweka upande wa juu, katikati ya migomba, juu ya kichanja cha matawi ili hewa ipite chini, na bati chakavu juu yake.

*Kazi na maji.* Kuligeuza kila baada ya wiki mbili hivi, na hiyo ni kazi ya mgongo. Unyevu unaupima kwa kiganja: fumbata konzi moja, ukibana itoke tone moja au mawili katikati ya vidole. Ikichuruzika ongeza makavu. Isipotoa kitu nyunyiza maji. Joto unalipima kwa fimbo: ichome hadi katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Ikiwa huwezi kuishika kwa raha, lundo liko kwenye nyuzi 55 hadi 65 na linafanya kazi. Ikiwa baridi, geuza. Siku ya kugeuza harufu itatoka kidogo, kwa hiyo iwe asubuhi, na isiwe siku jirani ana kipaimara.

*Pesa.* Mabati chakavu, nguzo nne, na chepe imara. Mwenye uwezo aweke sakafu ya zege ili maji meusi yasizame ardhini.

*Mbolea.* Kati ya hizi nne, hakuna iliyo rahisi kubeba na kuuza kama hii. Miezi miwili hadi mitatu na zaidi, kutegemea ulivyoigeuza, inakuwa nyeusi, nyepesi, imepungua karibu nusu. Joto limeua mbegu nyingi za magugu na vijidudu. Wakulima wa mboga wanaifuata kwa kirikuu.

*Masika.* Chini ya paa, salama. Bila paa, rudi juu ukasome habari za uji mweusi.

*Inamfaa* mwenye makavu ya kutosha na mgongo mzima. Wafugaji wengi huku wanawapa ng'ombe mabua yote, halafu hawabaki na kitu cha kuchanganyia.

3. Mtambo wa biogesi

Biogesi ni gesi ya kupikia inayotoka kwenye samadi ikioza bila hewa, na mkoa wetu una historia nayo. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa mwaka 1981, makao yake yako hapo Arusha mjini, na miaka ya 1980 ndiko lilikosanifiwa lile kuba la matofali linalofukiwa ardhini ambalo wengi wanaliita kwa jina la kituo chenyewe. Mwaka 2009 ukaja mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, na mitambo ikaongezeka vijijini. Kwa hiyo mafundi wapo, na mitambo iliyokufa ipo pia. Waone mafundi, na uikague mitambo hiyo, kabla ya kutoa pesa.

*Harufu.* Ukiangalia harufu peke yake, wakati wa kuhifadhi samadi, hakuna njia iliyofungwa kama hii. Kinyesi kinaingia siku hiyo hiyo, kinakaa ndani bila hewa kwa siku 30 hadi 60, na zile asidi zinazonuka zinaliwa na vijidudu na kugeuka gesi. Uji unaotoka upande wa pili hauna mnuko wa zizi, na nzi hawaupendi. Tahadhari moja: naitrojeni yake iko tayari tayari, kwa hiyo ukiuacha juani unapoteza amonia kama kawaida. Shimo la kupokelea lifunikwe, na uji uingie kwenye udongo mapema.

*Kazi na maji.* Hapa piga hesabu ya kweli. Kilo 40 za kinyesi zinataka lita 40 za maji, ndoo mbili kubwa, kila siku inayokuja. Mkojo unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo. Jumla ni lita 80 kwa siku. Ukitaka zikae siku 50, hizo ni mita za ujazo 4, ongeza nafasi ya gesi, unafika kwenye mtambo wa mita 6. Ndiyo maana fundi anakutajia 6 kwa ng'ombe wawili au watatu. Gesi yake ni kama saa 3 hadi 4 za jiko moja kwa siku: chai, ugali, mboga, maji ya kuoga ya mtoto. Maharage utayatafutia kuni. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Meru ikishika, gesi inapungua, kwa sababu vijidudu hao wanapenda joto.

*Pesa.* Kuba la matofali linahesabiwa kwa milioni. Likijengwa na fundi anayejua plasta yake, linakaa miaka 20. Mtambo wa mfuko wa plastiki ni nafuu zaidi na unafungwa kwa siku chache, ila jua linaukausha, na mbuzi au mtoto mwenye fimbo anaweza kuumaliza asubuhi moja. Ujengee uzio na kivuli.

*Mbolea.* Nzuri sana, lakini ni ya majimaji. Kama shamba liko chini ya banda, utaiongoza kwa mfereji. Kama liko juu, utabeba ndoo, na nimeona watu wakikata tamaa hapo hapo.

*Masika.* Kuba halijali. Shimo la kutokea tu lisiingiwe na maji ya mvua.

*Usalama.* Gesi hii ina salfidi haidrojeni, ile ya mayai viza. Ikiwa nyingi inaua hisi ya kunusa, kwa hiyo unapoacha kuisikia ndipo ilipo mbaya zaidi. Asiingie mtu kwenye kuba wala shimo la samadi lililofungwa, hata kama ameangusha simu. Na maji ya sabuni yasiingie mtamboni, yanaua vijidudu.

*Inamfaa* mwenye ng'ombe wawili au zaidi ambao hatawauza, maji karibu, na familia inayonunua mkaa au mtungi wa gesi. Narudia: ambao hatawauza. Mitambo mingi iliyokufa niliyoiona haikupasuka. Ada ya shule ilifika Januari, ng'ombe akaenda mnadani, na kuba likabaki bila chakula.

4. Matandiko manene

*Harufu.* Sakafu haizolewi kila siku. Unatandika maranda au pumba za mpunga, sentimita 5 hadi 10 kwa kuanzia, na unaongeza kila panapolowa. Makavu yanameza mkojo na kuushika. Kwa kuku ndiyo njia ya kawaida. Kipimo chake: usisimame, chuchumaa hadi kimo cha kuku na uvute pumzi. Macho yakiwasha, wao wanaishi humo saa 24. Tafuta kwanza chombo cha maji kinachovuja. Mara nyingi ndicho chanzo.

*Kazi na maji.* Kuchakura na kuongeza makavu. Maji ni adui.

*Pesa.* Inategemea uko karibu na kiwanda cha mbao kiasi gani. Zamani maranda yalikuwa ya bure, sasa yana bei.

*Mbolea.* Inatoka ikiwa imeshachanganyika na makavu, tayari kwa lundo. Ya kuku ni kali, iive kwanza.

*Masika.* Paa likivuja umekwisha.

*Inamfaa* mwenye kuku, mbuzi, ndama, au nguruwe wachache. Ng'ombe wa maziwa analowesha mno. Utahitaji maranda ya lori, na chuchu zinazolala kwenye unyevu zinaleta ugonjwa wa kiwele.

Kwa hali yako

Una ng'ombe mmoja, kihamba chote ni chako, jirani wa karibu yuko ng'ambo ya mfereji: fukia mbichi asubuhi, na uwe na lundo dogo lenye paa kwa ajili ya masika. Usijenge mtambo kwa sababu binamu yako anao.

Una wawili au watatu, bomba la maji uani, na mkaa unakumaliza: biogesi, lakini weka kwanza mfereji wa mkojo na ukae nao miezi mitatu, huku ukijipima kwa kuchota ndoo mbili za maji kila siku. Kama ndoo hizo zimekushinda kipindi hicho, mtambo utakushinda pia.

Unalima mboga za kuuza, au wanunuzi wa samadi wanapita kwako: mboji. Mwenye biogesi naye anaweza kumwagia uji wake juu ya lundo la makavu, akapata kitu kinachobebeka.

Uko kwenye kiwanja cha robo eka, nyumba pande zote: kuku juu ya matandiko makavu unaweza kuwamudu. Ng'ombe hapo anataka mtu wa kuja kuchukua samadi kila wiki kabla nzi hawajaanza kuruka, na makubaliano hayo yafanye kabla ya kumnunua ng'ombe.

Na kama wewe ndiye mhamiaji, huna hata kuku, umejenga chini ya mwenye banda: jikoni na kamba ya nguo viweke upande usiotazama mteremko, anua kabla ya saa kumi na moja, na panda ua mnene mpakani. Ua hautaimaliza harufu, ila unaivuruga hewa inayoteremka na unakuondolea kuliona lundo, jambo ambalo kwa pua ni nusu ya ugonjwa. Kisha nenda ukaongee, mchana. Yule jirani yangu aliporudi mara ya pili alikuja na toroli, akaniomba mboji ya maua yake. Chai alikunywa.